Hotuba ya Jirani na Wajibu wa Magazeti: Funzo Kutoka Lukole

Makada wengi hulifahamu jina la Lukole kwa sababu ya kambi za wakimbizi. Katika eneo hilo la Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, waliishi kwa miaka mingi makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Kambi zenyewe zimekwisha kufungwa. Lakini Lukole imetuachia somo ambalo halijafungwa, nalo ni kwamba neno la kiongozi likisha kupita katika redio na gazeti huwa si neno lile lile tena. Laweza kuwa dawa, na laweza kuwa panga.

Watu wa kambi zile walijua thamani ya redio. Habari za nyumbani ziliwafikia kwa redio, na redio ilipokaa kimya uvumi ulishika nafasi yake. Walijua pia hatari yake. Katika nchi jirani ya Rwanda, kituo cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwaka 1993, kilitumika kama silaha ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi waliyoifanya kupitia RTLM na gazeti la Kangura. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ilizaliwa katika mazingira hayo, na jina lake maana yake ni tumaini. Basi katika pembe hii ya nchi yetu hakuna mtu mwenye haki ya kusema kwamba “hayo ni maneno ya magazeti tu”.

Ndiyo maana tunaanzia Lukole tunapotaka kuchambua jinsi vyombo vya habari vya nchi moja vinavyoipokea hotuba ya kiongozi wa nchi nyingine. Mfano tunaouchukua ni wa mwaka 2013, kati ya Rwanda na sisi wenyewe.

Tarehe 26 Mei 2013, Umoja wa Afrika ulipokuwa ukiadhimisha miaka 50 tangu kuundwa kwa OAU, viongozi walikutana Addis Ababa kuzungumzia Mpango wa Amani, Usalama na Ushirikiano kwa Kongo, uliotiwa saini mjini humo tarehe 24 Februari mwaka huo na nchi 11. Rais Jakaya Kikwete alitoa ushauri. Kwa kuwa serikali ya Kongo ilikuwa ikizungumza na M23, alisema, Rwanda nayo izungumze na FDLR, na Uganda na waasi wake wa ADF, maana mtutu wa bunduki peke yake ulikuwa haujaleta amani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa, lakini ni lazima kwanza aijue.

Vyombo vya habari vya Kigali viliipokeaje? Kwa haki hatuna budi kusema kwamba vilikuwa na sababu ya kushtuka. FDLR iliundwa na watu ambao baadhi yao walishiriki mauaji ya mwaka 1994. Nchi iliyozika mamia kwa maelfu ya watu wake haiwezi kuambiwa ikae meza moja na kundi hilo kana kwamba inaambiwa isuluhishe mgogoro wa shamba. Waziri wa Mambo ya Nje wa Rwanda, Ndugu Louise Mushikiwabo, aliukataa ushauri ule waziwazi, na kuukataa ilikuwa haki yake. Gazeti linaloeleza uchungu wa wananchi wake halitendi kosa.

Kosa lilianza pale gazeti lilipoacha kueleza uchungu likaanza kufanya kazi nyingine. Tunayaona makosa matatu.

Kwanza, hoja iligeuzwa kuwa mtu. Badala ya kuuliza kama mazungumzo yanaweza kuwatenga wauaji na vijana waliozaliwa porini baada ya mwaka 1994, wengi waliuliza Kikwete ni nani na ana siri gani. Akaitwa rafiki wa wauaji. Yakachapishwa hata madai juu ya ukoo wa familia yake. Ukiona mwandishi anaanza kuchimba ukoo wa msemaji, ujue ameshindwa kuchimba hoja yake.

Pili, kipande kilichukuliwa kikawa kitu kizima. Ushauri ule ulihusu nchi tatu, lakini uzito wote uliwekwa kwenye moja. Tena likasahauliwa jambo kubwa. Katika miezi ile ile Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilikuwa zikipeleka askari katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la tarehe 28 Machi 2013. Azimio hilo liliitaja FDLR kwa jina miongoni mwa makundi ya kuvunjwa nguvu. Nchi inayopeleka vijana wake kupambana na kundi fulani haiwezi kuwa mlezi wa kundi hilo. Ukweli huu mmoja, kama ungewekwa mbele, ungepunguza joto la mjadala mzima.

Tatu, gazeti lilisubiri sauti ya mkubwa ndipo lipandishe yake. Mwezi Juni 2013 Rais Paul Kagame alisema kwamba alikuwa amenyamaza kwa sababu aliuona ushauri ule kuwa upuuzi. Baada ya hapo ikawa vigumu kusikia kalamu iliyopima jambo kwa utulivu. Gazeti la namna hiyo halimsaidii hata kiongozi wake, kwa sababu linamrudishia mwangwi wa sauti yake wakati yeye anahitaji kujua wananchi wanafikiri nini.

Lakini uchambuzi unaoishia kwa jirani ni nusu ya uchambuzi. Kukosoa bila kujikosoa ni majigambo. Je, magazeti yetu yalifanya nini?

Yalifanya yale yale. Mwishoni mwa Juni 2013 maneno mengine ya Rais Kagame yalitufikia kwa tafsiri, yakiwa yamekatwa, na yakatangazwa kuwa ni tishio la kumpiga Rais wetu. Wachache walijishughulisha kuitafuta hotuba nzima. Jambo hili linatia aibu zaidi tukikumbuka kwamba wananchi wa Ngara, wenye Kihangaza na Kishubi, wanazielewa lugha za majirani zetu bila mkalimani. Hao hawakuulizwa. Kisha tarehe 25 Julai 2013, Siku ya Mashujaa, Rais Kikwete alihutubia Kaboya, wilayani Muleba, mahali walipozikwa askari wa vita vya Kagera. Alionya kwamba atakayeichokoza Tanzania atajuta. Mbele ya makaburi yale ni maneno ambayo amiri jeshi yeyote angeyasema. Lakini magazeti yaliyaunganisha moja kwa moja na Kigali, na mazungumzo ya vijiweni yakawa ni kupima majeshi na kumkumbuka Idi Amin wa mwaka 1978. Mwaka 1978 ardhi yetu ilikuwa imevamiwa. Mwaka 2013 kilichovamiwa kilikuwa heshima ya watu wawili, na magazeti yalitaka tusione tofauti.

Nani alilipa gharama? Si wahariri wa Kigali wala wa Dar es Salaam. Mwishoni mwa Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais alitoa muda wa wiki mbili, hadi tarehe 11 Agosti, kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka. Tarehe 6 Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilieleza sababu zake, yaani ujambazi wa kutumia silaha na mifugo iliyoingizwa bila utaratibu, na sababu hizo wananchi wa Ngara na Biharamulo walizijua vizuri. Lakini ngoma ya ugomvi ilikuwa imekwisha kupigwa miezi miwili. Tendo la utawala likasomwa ng’ambo ya Rusumo kama kisasi, na huku kwetu wapo waliolishangilia kama kisasi. Katika hali hiyo ni nani atakayesikiliza kwa utulivu mashauri ya mtu mmoja mmoja? Mwaka 1980 nchi yetu iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Katika vijiji vya mpakani wamo waliozaliwa hapa, waliooa hapa, waliozika wazazi wao hapa. Maelfu walivuka mpaka, na baadhi ya familia ziligawanyika, mume upande huu na mke upande ule. Hatusemi kwamba magazeti ndiyo yaliyoanzisha operesheni. Tunasema kwamba yaliondoa mapema ile huruma na ule umakini ambao kazi ya namna hiyo inauhitaji kuliko kazi nyingine yoyote.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mashariki ya Kongo ina kunguru wengi, wenye silaha na wenye kununua madini. Ugomvi wa majirani ni mavuno kwao. Na hoja iliyozikwa kwa matusi haifi. Mwezi Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Goma, na tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam wakataka mazungumzo na pande zote, M23 ikiwamo. Swali likawa lile lile la mwaka 2013: je, serikali izungumze na watu wenye bunduki, na kwa masharti gani? Safari hii waliosita walikuwa Kinshasa. Kama magazeti ya nchi zetu yangelijadili swali hilo kwa kina mwaka ule, wasomaji wetu wangekuwa na akiba ya fikra ya kutumia.

Basi kada au mwanafunzi anapokutana na habari kwamba kiongozi wa nje “ametutukana”, afanye nini? Atafute hotuba nzima, na kama imetafsiriwa, amtafute anayeijua lugha yenyewe. Aitenge hoja na msemaji. Ajiulize maumivu ya jirani yanatoka wapi, kwa maana hasira ina historia yake. Mwisho ajiulize ni nani aliye karibu na mpaka ambaye atalipa kwa kichwa cha habari atakachokishangilia. Kufanya hivyo si woga, wala hakupunguzi uzalendo. Mzalendo asiyejua kusoma hutumiwa na kila mwenye mtambo wa kuchapa.

Tarehe 5 Septemba 2013 marais hao wawili walikutana Kampala wakazungumza. Mwezi Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Kagame walisimama pamoja Rusumo kufungua daraja na kituo cha pamoja cha mpakani. Kwa hiyo viongozi walipatana. Waliopoteza nyumba na mifugo mwaka 2013 hawakurudishiwa na daraja lile, na hakuna gazeti, la kwao wala la kwetu, lililowapelekea masahihisho.