Ripoti Yenye Sauti Mbili

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi ya Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, na Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Hoja ya makala hiyo inajulikana: maji ya moto yanaweza kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Ninachokihakiki hapa ni fani ya makala yenyewe, maana ni kielelezo bora cha kumfundishia mwanafunzi ripoti ya maabara.

Sehemu ya kwanza ni masimulizi kwa nafsi ya kwanza. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Mpemba aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa aiskrimu, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa mazito tu. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Masimulizi haya yana nguvu ya ushahidi: tunajua nani aliona nini, na wapi. Lakini yana mapengo. Maziwa yalikuwa kiasi gani? Yalikuwa na joto la nyuzi ngapi? Msomaji anaweza kumwamini Mpemba au kumkataa, ila hawezi kurudia alichofanya.

Osborne anaziba mapengo hayo. Anatumia maji sentimita 70 za ujazo katika bika za 100, juu ya kipande cha povu la plastiki ili joto lisipotelee chini. Tabaka la mafuta linapotandazwa juu ya maji, kuganda kunachelewa kwa saa kadhaa. Basi joto jingi hupotea kupitia juu. Hakuna pambo hapa. Kila kipimo kimewekwa kumjibu mpinzani kabla hajauliza.

Kilele cha makala ni kisa kidogo. Fundi wa maabara aliyeagizwa kufanya jaribio alirudi na habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Osborne hakukificha kisa hicho. Kinaonyesha kwa nini ripoti hutenga Matokeo na Hitimisho: ukuta huo humzuia mwandishi kuyasahihisha macho yake kwa imani yake.

Hata hivyo makala ina udhaifu. Osborne alipima muda hadi maji kuanza kuganda. Lakini je, kuganda ni kuanza kwa barafu, kufika nyuzi sifuri, au kuganda kote? Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia jaribio wakipima muda wa kufika sifuri, wasiuone ushahidi wa maana wa dai hilo. Walionyesha pia kuwa tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya maji inatosha kupotosha jibu. Mabishano yanaendelea, na yamewezekana kwa sababu makala iliandikwa kwa uwazi wa kutosha kupingwa.

Uwazi huo huo ndio tunaoutaka kwa mwanafunzi. Sasa tuje Kiwanjani, mtaa uliopakana na uwanja wa ndege wa Isiolo, Kenya, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mwanafunzi anayeandika 100 ameripoti kitabu. Anayeandika 96, akataja kipimajoto chake na mahali alipo, amempa msomaji kitu cha kupima, hata kama mwenzake wa Mombasa atapata nyingine.

Uaminifu huo haujengwi na mtihani peke yake. Katika karatasi ya majaribio ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, utaratibu umeshaandikwa na majedwali mengi yameshachorwa. Mtahiniwa hujaza nafasi. Anaweza kumaliza miaka minne bila kuamua mwenyewe jedwali liwe na safu zipi, au kitu gani kikitajwa kitamwezesha mgeni kurudia kazi yake. Mwalimu anaweza kuirudisha kazi hiyo kwa hatua mbili tu: kila mwanafunzi aandike ripoti nzima ya jaribio moja, kisha ampe mwenzake alirudie kwa kusoma tu, bila kuuliza. Kila mahali msomaji atakapokwama ndipo sentensi inapohitaji kuandikwa upya.