Kunoa au Kuoanisha? Juu ya Picha za Setilaiti

Wataalamu wa picha za setilaiti husema kwamba picha “hunolewa”. Neno hilo lapendeza, lakini lapotosha. Kisu kinaponolewa, makali hutoka katika chuma chake chenyewe; picha ya setilaiti huazimwa makali ya picha nyingine.

Mfano bayana ni Landsat 7, iliyorushwa mwaka 1999. Bendi zake za rangi zilipiga ardhi kwa pikseli za mita 30, na bendi moja isiyo na rangi kwa pikseli za mita 15. Kuziunganisha ndiko kunakoitwa kunoa, na hapo ndipo mbinu zinapohitilafiana.

Mbinu ya IHS hutenga mwangaza na rangi, kisha huweka picha isiyo na rangi mahali pa mwangaza. Barabara na mipaka ya mashamba hujitokeza, na jicho huridhika. Lakini bendi ile ya mita 15 ilipokea pia infraredi ya karibu, ambayo majani huirudisha kwa wingi, wala haikupokea buluu. Kwa hiyo, katika picha ya rangi za kawaida, msitu hung’aa kupita kiasi na kijani chake hupauka. Apimaye msitu aweza kudhani ameona mabadiliko ambayo ardhi haiyajui.

Mbinu ya Brovey huzidisha kila bendi kwa kigawo kimoja. Uwiano wa bendi hubaki. Kiasi cha nuru hubadilika. Tena, kipimo cha uoto, kinachotegemea uwiano wa infraredi na nyekundu, hakipati undani wowote mpya, ingawa picha yaonekana kali. Mbinu ya viwimbi huongeza undani mdogo tu juu ya kila bendi. Hutunza rangi vyema zaidi, ila picha mbili zisipolingana barabara, kingo huonyesha michirizi.

Mwaka 1997, Lucien Wald, Thierry Ranchin na Marc Mangolini walitoa sharti la haki: picha iliyounganishwa, ikirudishwa katika pikseli zake kubwa za awali, yapasa kufanana kadiri iwezekanavyo na picha asili ya rangi. Sharti hilo huhukumu uaminifu, si urembo.

Basi neno “kuoanisha” lingefaa zaidi. Humkumbusha mtumiaji kwamba pande ni mbili, na kwamba yampasa aulize kila upande umepoteza nini kabla ya kuchora ramani.