Nusu Inchi Kila Upande

Mwendee seremala wa Keko, Dar es Salaam, umwambie unataka kabati lenye droo nne. Kama kazi anaijua, hataanza na rangi, wala hatauliza kwanza mninga au plaiwudi. Atauliza: "Humo utaweka nini?" Khanga? Sufuria? Mafaili? Jibu lako ndilo linalochagua reli, na reli ndizo zinazopanga vipimo vya kabati zima. Anayejitengenezea nyumbani mara nyingi huenda kinyumenyume: hujenga boksi zuri la droo, akalipiga msasa mpaka likateleza, ndipo akaenda Kariakoo kutafuta reli za kulienea. Atarudi na reli, kisha atabomoa boksi.

Chukua reli za gololi zinazofungwa ubavuni, ambazo ndizo zimejaa madukani siku hizi. Kila moja ina unene wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo kushoto na kulia zinakula inchi nzima. Uwazi wa kabati ukiwa milimita 400, boksi liwe na upana wa 374. Likizidi milimita mbili tatu, gololi zinabanwa na droo inagoma. Likipungua kiasi hicho, unachomeka kipande cha kadibodi ngumu nyuma ya reli na maisha yanaendelea. Ndiyo maana fundi makini, akiwa na shaka, hukosea upande wa upungufu. Napenda ukali huu. Kwenye meza, milimita mbili hufichwa na vanishi. Kwenye droo, mkono wa mtoto wa miaka mitano unazigundua.

Zipo pia zile nyeupe nyembamba zenye magurudumu ya plastiki. Ni za bei nafuu, husamehe makosa ya kipimo, na droo unaichomoa kwa kuinyanyua tu. Kasoro yake ni kwamba haitoki yote. Robo hivi inabaki ndani, na kilichowekwa nyuma husahaulika humo mpaka siku ya kuhama. Kwa soksi zinatosha. Kwa sufuria nachagua za gololi zenye vipande vitatu, zinazoitoa droo nzima nje, na nyingi kati yake zinabeba kilo 35 hadi 45. Uzito huo ni wa jozi, na boksi lenyewe limo kwenye hesabu.

Dukani usizinunue zikiwa ndani ya karatasi. Vuta moja mpaka mwisho, shika ncha yake, itikise juu na chini, kisha irudishe taratibu huku ukisikiliza. Inayokwaruza leo haitatulia kesho, hasa ikishaingiwa na vumbi la msasa kwenye grisi. Pwani, itazame pia ngozi yake: hewa ya chumvi hupenya pale zinki ilipopakwa kwa uchoyo. Kuhusu zile zinazojifunga zenyewe polepole bila kishindo, ni tamu jikoni. Droo ya fedha dukani, hapana. Mwenye duka aliyegeuka kufikia rafu anahitaji kusikia ikifungwa.

Lakini kabla ya chuma palikuwa na mbao juu ya mbao. Yatazame yale masanduku ya Zanzibar yaliyopigwa misumari ya shaba: mengi yana vidroo vitatu chini, na havina gololi hata moja. Siri ilikuwa kuujua mti. Ubao hunywa unyevu wa masika ukavimba kwa upana wake, si kwa urefu. Ubavu wa droo, basi, huongezeka kimo, ndiyo maana seremala huacha nafasi juu, na droo ya mbao inapokwama huwa imebanwa juu na chini. Mninga unasifika kwa sababu husogea kidogo sana. Ukipaka nta ya mshumaa kwenye njia zake, hauhitaji kitu kingine. Kwa droo ya khanga, nyembamba na ndefu kwenda ndani, bado nachagua mbao, na kutu haina cha kula. Droo pana na fupi ni habari nyingine: ukiivuta kwa kona moja hukaa mshazari na kung'ang'ania. Hapo chuma kinastahili bei yake.

Kufunga ndiko kunakomtofautisha fundi. Reli mbili lazima zilingane kimo na zisipishane mbele. Badala ya kuamini penseli, fundi hukata kipande cha plaiwudi, akakisimamisha ndani ya kabati, akalaza reli juu yake, kushoto kisha kulia. Huanza na droo ya juu, halafu anakipunguza kipande kwa ajili ya inayofuata. Skrubu za mwanzo huingia kwenye matundu marefu, yanayoruhusu kusogeza. Droo ikishakwenda vizuri, ndipo zile za matundu ya duara zinafunga kauli.

Uso wa droo hufungwa mwisho kabisa, kwa skrubu kutokea ndani, mianya ikisawazishwa kwa vipande vya kadi. Mteja atakapokuja ataupapasa uso huo, na swali lake la kwanza litakuwa ni vanishi gani.