"Badilisha rezista zote": ushauri mwepesi unaoharibu redio za valvu

Ukitaka kufufua redio ya valvu, ushauri utakaoupata haraka ni huu: ng'oa rezista zote za zamani, soma rangi zake, weka mpya zenye omu zile zile, kazi imekwisha. Unavutia, maana rezista ni bei rahisi na kuhesabu rangi hakuhitaji akili nyingi. Lakini kifizikia ushauri huu una mapengo, na mojawapo linaweza kuwasha moto mezani kwako.

Tuupe haki yake kwanza. Rezista nyingi za miaka ya 1940 na 1950 ni unga wa kaboni uliochanganywa na gundi na kugandishwa. Unyevu na joto hubadilisha jinsi chembe za kaboni zinavyogusana, na kwa kawaida omu hupanda. Ile ya kilo-omu 220 unaweza kuipima leo ukakuta 300. Hofu ina msingi.

Sasa tazama upande wa pili. Rezista isiyo na bendi ya nne iliruhusiwa kupotoka asilimia 20 juu au chini. Yenye bendi ya fedha asilimia 10, ya dhahabu 5. Kwa hiyo kilo-omu 220 isiyo na bendi ya nne inaweza kufika 264 na bado ikawa sawa na siku ilipotoka kiwandani. Ukiing'oa hiyo, unapasha joto vishikio vya zamani na kupinda nyaya zenye mpira uliokauka, halafu redio haitasikika tofauti. Pima kwanza, redio ikiwa imechomolewa na kapasita zimemwaga chaji. Nyanyua mguu mmoja wa rezista, kwa sababu njia nyingine za sakiti hupunguza kile mita inachosoma. Ndiyo maana ikiwa haijanyanyuliwa na bado inasoma juu ya kiwango, hiyo imekwisha kweli.

Pengo la pili ni kudhani omu zinatosha. Wengine huongeza wati, na hapo hujiona wamemaliza. Hebu tuhesabu. Rezista ya mega-omu 1 inayobeba volti 250 hutumia 250 × 250 ÷ 1,000,000, yaani wati 0.06 tu. Kwa hesabu hiyo hata kile kidogo cha robo ya nusu wati kingetosha. Lakini kila rezista ina kikomo cha volti pia, na vile vidogo sana mara nyingi hukomea volti 150 au 200. Joto halitakionya, umeme utakuwa unakilazimisha kupita kipimo chake kila siku mpaka kiachie. Aina ya wati 1, hata kama wati hizo hazihitajiki, kwa kawaida huvumilia volti nyingi zaidi. Soma jedwali la mtengenezaji kabla ya kulipa.

Pengo la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kubadilisha rezista iliyoungua bila kuuliza iliunguzwa na nani. Mfano wa kawaida ni rezista ya kathodi kwenye valvu ya kutoa sauti. Kapasita inayoleta sauti kwenye gridi ya valvu hiyo ikianza kuvujisha, gridi hupata volti chanya, mkondo wa valvu hupanda, na rezista ya kathodi inaungua. Ukiweka mpya ukaacha kapasita ile ile, utaichoma na hiyo pia, na safari hii huenda valvu ikaondoka nayo.

Mwisho kuna rezista ambazo hazifanani na hizo kabisa. Chukua Bush DAC90A, redio ya Uingereza ya mwaka 1950. Filamenti za valvu zake tano zimefuatana kwenye mstari mmoja, mkondo ukiwa ampea 0.1, na kwa jumla zinahitaji karibu volti 117. Ukutani kuna 240. Volti 123 zinazobaki lazima zimezwe na rezista ya waya, na hiyo ni zaidi ya wati 12 za joto, ndani ya kasha la bakelaiti. Hapa "omu zile zile" bila wati za kutosha, nafasi ya hewa na mwili usioshika moto ni hatari tupu. Isitoshe, chasisi ya redio hii imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukutani. Kama hujawahi kufanya kazi na sakiti ya namna hiyo, mpelekee fundi anayeijua.

Na ile hofu ya kukosa spea? Michoro ya zamani huandika kilo-omu 500, dukani utapewa 470. Chukua. Tofauti ni asilimia 6, kwenye sakiti iliyosanifiwa kuvumilia 20.

Kwa hiyo ushauri ningeuandika upya hivi: pima, badilisha iliyopita kiwango, angalia omu, wati na volti kwa pamoja, na iliyoungua itafutie sababu kabla hujawasha pasi ya kuchomelea. Unachukua jioni nzima badala ya saa moja, lakini redio inabaki na sehemu zake nyingi za asili.