Mtungi, Pipa na Povu: Uhakiki wa Istilahi za Kutia Gesi katika Bia

Msomaji wa hadithi akikutana na neno lenye maana mbili huweza kuendelea kusoma, akitumaini kwamba maana itajitokeza mbele. Msomaji wa mwongozo wa ufundi ana spana mkononi. Neno likimpotosha, atafungua kisichofaa kufunguliwa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuhakiki tafsiri moja ya Kiswahili ya mwongozo wa Kimarekani unaohusu utengenezaji wa bia nyumbani, hasa sura yake inayoeleza jinsi ya kutia gesi katika bia iliyomo katika pipa na jinsi ya kutambua hitilafu za vyombo. Hatumtaji mtafsiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Ni ya wengi wetu.

Huko Marekani kazi hii ilipata nafasi katika sheria za shirikisho mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyosamehe kodi bia inayotengenezwa nyumbani kwa matumizi ya nyumbani. Wengi wa watengenezaji hao hutumia mapipa ya chuma kisichoshika kutu, yenye kuchukua lita 19 hivi, ambayo kwanza yalitumika katika biashara ya soda. Pipa huunganishwa kwa mpira na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, na kwenye mtungi hufungwa kidhibiti cha kanieneo. Mpira wa pili hupeleka bia kwenye bilula. Vyombo vya namna hii si vigeni kwetu. Nchini Kenya neno kegi limeenea sana tangu bia ya Senator Keg ilipoanza kuuzwa mwaka 2004. Basi istilahi hizi zatuhusu.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kutumia neno mtungi kwa vyombo viwili. Mtafsiri anaandika: “Ondoa gesi yote katika mtungi kabla ya kulegeza viungio.” Mtungi upi? Twakiri kwamba neno lenyewe lina haki pande zote mbili. Tangu kale mtungi ni chombo cha kuwekea maji na pombe. Na siku hizi kila mwenye jiko la gesi anajua mtungi wa gesi ni nini. Ubaya ni kuzikutanisha maana hizo katika ukurasa mmoja. Katika joto la sentigredi 20, mtungi wenye kaboni dioksidi iliyo katika hali ya kimiminika una kanieneo inayozidi kilopaskali 5,000. Pipa la bia lililo katika friji huhitaji kilopaskali 80 hivi. Msomaji mtiifu ataifungulia gesi ya mtungi hadi iishe, kisha atalegeza viungio vya pipa ambalo bado limeshikilia kanieneo yake, na kipande cha chuma kitamrukia usoni. Hapo tafsiri haitakuwa imekosa ufasaha tu. Itakuwa imemjeruhi mtu.

Tunashauri kwamba mtungi libaki kwa chombo cha gesi peke yake, na pipa litumike kwa chombo cha bia. Wapo watakaosema kwamba pipa huleta picha ya chombo kikubwa cha mafuta. Ni kweli, lakini kuandika “pipa la bia” mara ya kwanza kwatosha kuondoa shaka hiyo. Anayependa kegi hatutamlaumu, mradi asilichanganye na mtungi.

Kosa la pili ni kulifanya povu kuwa jina la gesi. Tafsiri inasema: “Bia ikiwa na povu jingi, gesi imezidi, ipunguze.” Mwongozo hutofautisha gesi iliyomo ndani ya bia na povu linaloonekana katika bilauri. Povu ni dalili ya gesi inayotoka. Kama mpira wa kupelekea bia ni mfupi mno, au una joto, au bilula ni chafu, gesi huachana na bia njiani. Bilauri hujaa povu, na bia inayobaki chini yake huwa imepooza. Aliyefundishwa kwamba povu ni gesi atapunguza kanieneo siku hadi siku, na bia yake itazidi kupooza, ilhali dawa ilikuwa kurefusha mpira au kuosha bilula. Hapa neno moja limeficha sababu ya hitilafu, na sura nzima iliandikwa kwa ajili ya kuitafuta sababu hiyo.

Kosa la tatu limo katika vitenzi. Mtafsiri anatumia kuchachusha mahali ambapo mwongozo unazungumzia kutia gesi ya mtungi katika bia iliyokwisha kuiva. Watengenezaji wetu wa mbege na ulanzi wangeshangaa. Kuchacha ni kazi ya chachu inayokula sukari na kutoa kileo na gesi. Tena katika mazungumzo ya kila siku, chakula kilichochacha ni chakula kilichoharibika. Agizo la “kuchachusha bia kwa siku saba katika friji” litamfanya mmoja aongeze hamira, na mwingine amwage bia. Kutia gesi ni maneno mepesi, na kila muuza soda anayaelewa. Hatuoni haja ya kubuni kitenzi kipya kutokana na neno kaboni.

Vivyo hivyo mtafsiri anasema gesi “huyeyuka” katika bia. Barafu huyeyuka, gesi humumunyika. Tofauti hii ina faida hapa, kwa maana katika baridi gesi humumunyika kwa wingi zaidi. Katika sentigredi 4 hivi, zile kilopaskali 80 zatosha. Katika sentigredi 20 zitahitajika karibu 200 kupata kiasi kile kile. Msomaji anayedhani kwamba gesi huyeyuka kama barafu atafikiri kwamba joto litamsaidia, naye atakuwa amegeuza kanuni juu chini.

Liko pia jambo la vipimo. Mwongozo unasema bia iwe na gesi ya ujazo mbili na nusu, tafsiri imeandika “lita 2.5 za gesi.” Maana yake ni kwamba kila lita ya bia ibebe gesi ambayo, ikipimwa katika sentigredi sifuri na kanieneo ya kawaida ya hewa, ingejaza lita mbili na nusu. Kwa pipa la lita 19 hizo ni lita 47 na nusu. Twapendekeza iandikwe “mara mbili na nusu ya ujazo wa bia,” hata kama maneno yatarefuka. Ufupi unaopoteza hesabu si ufupi wa kusifiwa.

Haki yatudai tuseme pia yaliyo mema. Maelezo ya kutafuta mahali panapovuja yametafsiriwa vizuri sana: paka maji ya sabuni kwenye viungio na kifuniko, tazama mapovu yanapotokea, kaza kiungio au badilisha pete ya mpira. Hakuna neno hata moja hapo linalomhitaji msomaji kufungua kamusi. Ni wazi kwamba mtafsiri alipoiona kazi yenyewe akilini mwake, Kiswahili kilimtii. Alipoyafuata maneno ya kigeni bila kuviona vyombo, kilimponyoka.

Hivyo tunawashauri wenzetu, watafsiri na walimu, pamoja na maofisa wanaopitisha maandishi ya aina hii, wasiridhike kuilinganisha tafsiri na matini ya asili tu. Mpeni mtu ambaye hajaiona matini hiyo, mwekeni mbele ya vyombo, kisha mwulizeni atafungua kipi kwanza. Akinyosha kidole mahali pasipofaa, istilahi irudishwe mezani kabla haijapigwa chapa.