Marinda ya Alumini

Bati la alumini lenye unene wa milimita 0.6 ukilishika kwa upande mmoja hulegea na kuyumba. Likunje ukingo wake, sentimita moja na nusu tu, kwa pembe ya nyuzi 90, kisha ujaribu kulipinda: litakukatalia. Ndege yote ya bati inategemea ukingo huo, ambao mafundi huuita flanji. Ngozi ya bawa hushikana na mbavu kwa ribiti zinazopita kwenye flanji. Pasipo flanji hakuna pa kupigia ribiti, na pasipo ribiti hakuna bawa.

Huko Marekani, watu wanaojijengea ndege gerejini wana chama chao, EAA, alichokianzisha Paul Poberezny na wenzake mwaka 1953. Ndege hizo zikionyeshwa, watazamaji husifia injini na rangi. Mimi sifa zangu za kwanza nazitoa kwa aliyekunja mbavu.

Flanji iliyonyooka haina kazi kubwa. Mashine ya kukunjia huimaliza mara moja. Utamu uko kwenye flanji inayofuata mviringo, kama puani mwa ubavu, pale bawa linapopokea upepo. Fundi huanza na mbao ngumu mbili zilizokatwa kwa umbo la ubavu. Kona ya ile ya kukunjia huviringwa kwa tupa na msasa, kwa sababu alumini iliyokwisha kukomazwa ikikunjwa juu ya kona kali hupasuka. Pembeni, mbao hiyo huchongwa ikaingia ndani nyuzi chache. Metali hurudi nyuma kidogo nyundo inapoiacha, hivyo anayeitaka 90 lazima aivuke. Bati huwekwa katikati ya mbao hizo, pini zikalizuia lisihame, na vyote vikabanwa kwenye jiliwa. Kabla ya hapo kingo zote zimeshapitishwa tupa na msasa, maana kijino kimoja kilichoachwa na mkasi chatosha kuanzisha ufa.

Ndipo nyundo huingia, ya plastiki au ya mbao, si ya chuma. Fundi mzuri hapigi kwa hasira, wala hamalizi sehemu moja kabla ya kugusa nyingine. Huuinamisha ukingo wote kidogo, akarudi mwanzo, akapita tena. Sikio nalo limo kazini: bati lililo bado hewani hulia kwa mlio mwembamba, likishakaa kwenye mbao, mlio huwa mzito na mfupi.

Sasa tazama hesabu inayomngoja. Chukua robo ya duara yenye nusu kipenyo cha milimita 100, na flanji ya milimita 15. Kwenye mstari wa mkunjo urefu ni milimita 157. Kwenye ukingo wa nje, bati lilikuwa na milimita 181. Hizo 24 za ziada ziende wapi? Zikiachwa huru hufanya mikunyanzi, au huuvuta ubavu wote ukapinda. Fundi cherehani anayepinda chini ya sketi ya duara anaijua shida hii, na huimaliza kwa marinda. Wa ndege naye hutia marinda yake. Ana koleo lenye meno mawili upande mmoja na moja upande wa pili. Hubana nalo flanji katikati ya nafasi za ribiti, kijifereji kikiingia ndani, mbali na ngozi ya bawa. Kila bano hula urefu kidogo. Halafu huulaza ubavu mezani. Ukibembea, kazi bado. Ukilala bapa, na mashimo ya ribiti yakifuatana sawasawa kwenye rula, umekubali.

Mviringo ukiingia ndani, mambo hugeuka: bati halitoshi, inabidi livutike, na adui ni ufa. Ndivyo ilivyo pia kwenye matundu ya kupunguza uzito, ambayo kwa kukunjwa midomo hurudisha ugumu uliopotea kwa kutobolewa.

Siku hizi viwanda huuza mbavu zilizokwisha kukunjwa kwa mashine. Hata hivyo mara nyingi flanji zake hazijafika 90, na mjenzi hulazimika kulishika koleo lilelile. Nafurahi kwamba ni hivyo, maana kazi ya mkono imefika mbali. Ndege aina ya T-18, iliyobuniwa na John Thorp, watu waliijenga nyumbani kwa kufuata michoro, na mwaka 1976 Don Taylor aliizunguka dunia kwa T-18 aliyoijenga mwenyewe. Hakuna ndege ya kujengwa nyumbani iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake.

Ukijaliwa kufika Oshkosh, Wisconsin, kwenye maonyesho ya EAA ya kila Julai, usiishie kwenye rangi. Muombe mwenye ndege akufungulie kifuniko cha ukaguzi chini ya bawa, umulike kwa tochi, na uziangalie flanji zake moja moja.