Sanduku la vikonyo: unyevu uliofungiwa, mbuni uliookolewa

Mnyauko fuzari ulipoingia Kagera katika miaka ya 1990, ulitishia kahawa ya robusta, zao linalolisha nyumba nyingi za wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kuvu wake huziba mishipa ya maji ya mbuni. Majani hugeuka manjano, hupukutika, na mti mzima hukauka. Mti ulioshikwa hauponi. Kinga ya kudumu ni kupanda aina zenye ukinzani, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kupitia kituo chake cha Maruku, ilizitoa. Ikabaki kazi ya kuzizidisha bila kupoteza ukinzani huo.

Mbegu haifai hapa. Robusta haijitungishi kwa chavua yake yenyewe. Hupokea ya mti mwingine, hivyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na sifa ya mama inaweza isifike kwa mtoto. Ndiyo maana miche huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi.

Kikonyo hukatwa kwenye chipukizi la wima. Cha tawi la pembeni kikiota, huendelea kutanuka ubavuni na hakisimami kuwa mti. Kila kipande hubaki na fundo moja, na mara nyingi hupasuliwa katikati ili vipatikane viwili, kila kimoja na jani lake. Jani hupunguzwa hadi karibu nusu: likiachwa zima hupoteza maji mengi, likiondolewa lote kikonyo hukosa chakula cha kujengea mizizi.

Tatizo sasa ni kwamba jani linapoteza maji wakati mizizi ya kuyarudisha haijaota. Sanduku la kuoteshea hujibu hilo. Vikonyo huchomekwa, humwagiliwa, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu iliyobana pande zote. Maji yanayopanda hewani hujikusanya kuwa matone chini ya nailoni na kudondoka tena. Hewa ikishashiba unyevu, haivuti tena maji mengi kutoka kwenye jani.

Kanuni hii aliigundua daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, mnamo mwaka 1829. Alifungia udongo wenye unyevu ndani ya chupa ili amwone nondo akitoka kwenye kifukofuko, na kangaga likaota humo, ilhali makangaga yake ya nje yalikuwa yakifa kwa moshi wa makaa. Kutokana na chupa hiyo yakatengenezwa masanduku ya kioo yaliyovusha mimea baharini, ikiwemo miche ya chai kutoka China hadi India. Anayetunza kangaga kwenye chupa sebuleni na anayetunza vikonyo Kyerwa wanafuata kanuni ileile.

Kangaga na kikonyo vyote huishi kwa kivuli. Nailoni iliyofungwa, kama kioo, ikipigwa na jua la moja kwa moja hunasa joto, na majani huungua. Kwa hiyo juu ya sanduku hujengwa kichanja cha nyasi au hutandwa wavu. Lakini giza nalo huua polepole, kwani jani lisilopata mwanga halitengenezi chakula. Matone ndiyo kipimo: yakijaa asubuhi, unyevu unatosha, yasipoonekana, nailoni ina mwanya au udongo umekauka, maji yakituama chini, vikonyo vitaoza. Majani yaliyoanguka yaondolewe, maana kuvu huanzia hapo.

Hatua inayodai subira kuliko zote ni ya kutoka. Jani lililozoea unyevu halijajifunza kubana maji yake. Mizizi ikishaota, nailoni hufunguliwa kidogo kidogo, na miche hukomazwa kwenye viriba chini ya kivuli kinachopunguzwa taratibu. Kuikimbiza shambani kwa sababu tu mvua za vuli zimefika ni kupoteza kazi ya miezi. Na ikifika shambani, aina kadhaa zichanganywe. Mibuni ya aina moja tu haitatungishana vizuri.

Sanduku lenyewe ni rahisi: matofali au mbao, mchanga, nailoni, nyasi. Linalogharimu ni jicho la kila asubuhi. Vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa vinavyotaka mibuni isiyonyauka vimlipe kwanza mtunza kitalu, hadi mche wa mwisho uzoee jua, ndipo vifikirie kuongeza masanduku.